Mgema Aliyelitia Tembo Maji

Asubuhi, kabla jua halijapata nguvu ya kuchoma, ukisikia mtu anaimba juu ya mnazi upande wa kusini wa kijiji cha Tekawa, ujue huyo ni Nakibae. Wagema wote wa kisiwa cha Onotoa huimba wakiwa juu. Mgema akikaa kimya mtini, walio chini humshuku kwamba anachungulia wanaooga. Lakini Nakibae hakuimba kwa kujihami. Sauti ilikuwa imemjaa tu, kama tembo linavyojaa kwenye kifuu, akawa hana budi kuimwaga.

Kugema alifundishwa na baba yake kabla hajaota ndevu. Alijua kulifunga karara la mnazi kwa kamba lisipasuke, alijua kulichonga ncha kwa kotama, kisu cha mgema, unyuzi baada ya unyuzi, asubuhi na jioni, ili tone lisikauke. Na minazi yake aliijua kwa ulimi. Akifika juu, kabla ya kuteremsha kifuu kilichojaa, alichovya kidole akalamba. Huu umechoka. Huu umepata mvua. Huu una tembo la karamu ya harusi. Kutoka mti hadi mti alilamba hivyo hivyo, na akifika chini alijimiminia kikombe kizima cha tembo tamu, bado lina povu, halijaanza kuchacha.

Kiu yake yote aliikata kwa tembo. Chai alikunywa nzito kwa sukari, akichovya biskuti za melini. Maji kwake yalikuwa ya kuogea, ya kupikia na ya nguruwe. Ukimkaribisha maji alikutazama kama umemkaribisha majivu.

Basi meno yake yakaanza kumwacha akiwa bado kijana. Kwanza ya nyuma, moja likang'olewa na mjomba wake kwa koleo la baiskeli, jingine likavunjika lenyewe akila samaki mkavu. Fizi zikawa zinatoka damu akiuma tu embe la kopo. Juu ya mnazi haikumsumbua, nani angemwona? Lakini kwenye maneaba, ile nyumba kubwa ya mkutano ambamo kila ukoo una mahali pake pa kukaa, Nakibae alicheka kwa pua, kiganja mdomoni, kama msichana aliyetolewa posa. Mkewe Rereao alikuwa amesahau meno yake ya mbele yanafananaje.

Walikaa miaka mingi bila mtoto, mpaka watu wakaacha kuuliza na wakaanza kuwaonea huruma, jambo ambalo ni baya zaidi. Ndipo akazaliwa Mareta. Nakibae alimpokea mikononi akamkumbatia kama anavyokumbatia mnazi wenye upepo. Siku ile ile alikwenda akachagua mti. Ulikuwa mfupi, shina lake limepinda kidogo, na tembo lake lilikuwa tamu kuliko lote alilopata kuonja. Akasema tembo la mti huo halitanywewa na mtu mwingine.

Na kweli halikunywewa. Mareta alipoanza kupewa kitu zaidi ya ziwa la mama, alipewa tembo hilo kwenye chupa, kama watoto wa nyumba zote. Alilinyonya akitambaa, akalinyonya akisimama dede, na kila akilala alilala na chupa mdomoni, shavu limetuna, tone moja likining'inia pembeni ya midomo. Nakibae alikuwa akimtazama hivyo na kuona hakuna tajiri anayempita.

Meno ya mtoto yakaota meupe kama punje za mchele. Kabla hajajua kusema maneno matatu kwa pamoja, ukatokea mstari wa kahawia pale jino linapokutana na ufizi. Mstari ukawa doa, doa likawa shimo. Mama mkwe akasema, "Hayo ni meno ya utoto, yatatoka tu." Jirani akasema ni minyoo. Mareta akaanza kutafuna kwa upande mmoja, kisha akaacha kutafuna kabisa, akawa anataka chupa tu.

Siku moja aliamka shavu limevimba. Jioni jicho lake lilikuwa limebaki kama mpasuko.

Rereao alimbeba mpaka zahanati, Nakibae akimfuata nyuma, kotama bado iko kiunoni. Muuguzi alimgusa mtoto paji la uso, akamtazama mdomoni mara moja, akainuka.

"Baba Mareta, hili si la kungoja. Uvimbe wa jino ukipanda jichoni unaweza kwenda kichwani. Namchoma sindano sasa, halafu naita ndege kwa redio."

"Kwa jino?" Nakibae akauliza.

"Kwa jino," muuguzi akasema. "Nishamzika mtoto kwa jino."

Ndege ndogo ilitua kesho yake kwenye uwanja wa kokoto za matumbawe, ikawachukua wote watatu. Nakibae alikuwa hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko mnazi. Alipotazama dirishani aliona kisiwa chao kizima, chembamba kama kipande cha kucha, bahari huku na bahari huku, na hakuona hata tone la maji ya kunywa popote. Aligeuza uso, akamshika mtoto mguu, akaushikilia mpaka Tarawa, penye hospitali kubwa.

Mareta alichomwa dawa kwenye mshipa siku kadhaa mpaka uvimbe ukashuka. Ndipo akaletwa kwa tabibu wa meno, mwanamke kijana kutoka kisiwa cha Beru aitwaye Aritita, mwenye mikono midogo na mzaha mwingi. Aliyang'oa meno manne ya mbele yaliyobaki kama vijiti vyeusi. Mtoto alipokwisha kulia na kusinzia begani kwa mama yake, Aritita alikipiga kiti chake kofi.

"Kaka, sasa kaa wewe."

"Mimi siumwi."

"Nimekuuliza kama unaumwa? Kaa."

Rereao akasema, "Kaa bwana. Simba wa juu ya mnazi anaogopa kiti."

Akakaa. Aritita akampa kioo ashike mwenyewe, akawasha taa. Nakibae akaona ndani ya mdomo wake kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Alilijua kila ganda la minazi yake, lakini mahali hapa alipopitishia chakula chote cha maisha yake hakupajua. Aliona fizi nyekundu zilizotuna kama nyama ya ngisi aliyepigwa. Aliona mashimo. Aliona jino moja limesimama peke yake kama nguzo ya nyumba iliyobebwa na mawimbi.

"Unakunywa nini?" Aritita akauliza.

"Tembo. Tembo tamu, si kali. Mimi si mlevi."

"Sijasema ulevi. Ukishikwa na kiu unakunywa nini?"

"Tembo."

"Na chai?"

"Asubuhi na jioni."

"Ina sukari?"

"Chai isiyo na sukari ni maji ya kuoshea vikombe."

Aritita akacheka, kisha akafanya jambo ambalo Nakibae hakulisahau. Alimwambia ainue ulimi. Akachukua kipande cha pamba, akapakausha pale chini ya ulimi, akamwambia, "Tazama kwenye kioo. Usifunge mdomo. Tazama tu."

Nakibae akatazama. Pale palikuwa pakavu, panang'aa. Kisha, pande mbili za ule uzi unaoshikilia ulimi, kwenye vinundu viwili vidogo kuliko kichwa cha sindano, kikachomoza kitone. Kikakua, kikatetemeka, kikaanguka, kikafuatwa na kingine. Maji yalikuwa yanatoka ndani ya nyama yake, safi, bila kuitwa na mtu.

Watu wa Onotoa hawana mto wala kijito. Chemchemi Nakibae alikuwa ameisikia kanisani tu, katika masomo. Sasa alikuwa nayo mdomoni, nayo ilikuwa ikifanya kazi tangu siku aliyozaliwa.

"Ni nini hiyo?" akauliza, ulimi bado umeinuka, maneno yakatoka kama ya mlevi.

"Mate yako, kaka. Funga sasa, utakauka." Aritita akaketi kwenye kigoda. "Sikiliza. Kwenye meno kuna vidudu, wewe huwaoni. Ukila kitamu na wao wanakula, na wakishakula wanatoa ukali kama wa tembo lililochacha kuwa siki. Ule ukali unalilainisha jino, unaondoa yale madini yanayolifanya gumu. Mate yanakuja, yanaupoza ukali, na yale madini yaliyotoka yanayarudisha jinoni."

"Yanarudisha?"

"Yanarudisha. Jino linaliwa na linatengenezwa. Kila siku."

"Na mimi sijui."

"Hakuna anayejua. Kazi inafanyika umelala, unaimba, unagombana na mkeo. Lakini inataka nafasi. Wewe unalamba mnazi wa kwanza, mate yanaanza kazi. Hayajamaliza, umefika wa pili, umelamba. Wa tatu, umelamba. Fundi wako hapati hata muda wa kushika nyundo."

Rereao akauliza kutoka mlangoni, "Na mtoto?"

Aritita akapunguza sauti. "Mtu akilala, mate yanapungua sana. Fundi naye amelala. Tembo likikaa kwenye meno mpaka asubuhi, hakuna wa kuyatetea."

Nakibae akamtazama mtoto begani kwa mama yake. Kisha akasema, "Mti ule niliuchagua mimi. Nilichagua ulio mtamu kuliko yote."

"Najua," Aritita akasema. "Karibu wazazi wote wanaokuja hapa waliwapa watoto kile kizuri kuliko vyote walichokuwa nacho. Ndiyo maana simgombezi mtu."

Akawaambia la kufanya. Tembo na chai tamu vikae na chakula, si kutwa kucha. Katikati ya mlo na mlo, maji. Baada ya chochote kitamu, maji, usukutue na umeze. Maji hayana sukari ya kulisha wadudu, yanaondoa mabaki, na mate yenyewe karibu yote ni maji. Mwenye kiu hutema mate mazito na machache. "Ila msiende kusema Aritita kasema maji yanaziba mashimo," akaongeza. "Shimo lililokwisha kuchimbika ni langu mimi na koleo langu. Na mswaki wenye dawa ni asubuhi na kabla ya kulala, hilo halina mjadala. Maji ni rafiki wa kati ya mswaki na mswaki."

"Mtoto atalia," Rereao akasema. "Hajui maji."

"Usimkatie ghafla. Chupa ya leo tia tembo, utie na maji kidogo. Siku zinazofuata ongeza maji, punguza tembo. Mwisho yatabaki maji matupu, na hatajua alihama siku gani."

Kabla hawajaondoka aliwaonyesha picha ya taya la Mareta, nyeusi na nyeupe, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Juu ya yale matundu yaliyobaki wazi, ndani ya mfupa, kulikuwa na vivuli vyeupe vilivyopangwa kama mbegu ndani ya boga. "Ya ukubwani," akasema. "Yanajengwa sasa hivi tunavyoongea." Nakibae aliishika picha ile kwa ncha za vidole, kwenye kingo tu, kama mtu aliyepewa kushika yai la ndege wa mbali.

Walirudi kisiwani wakakuta ukame umekaza. Tangi la kanisa, linalokinga mvua ya bati, lilikuwa limefungwa kufuli na kila nyumba inapata ndoo. Visima vya karibu na pwani vilikuwa vimeshaanza kuwa na chumvi, maana watu walikuwa wanachota na mbingu hailipi. Maji ya namna ile mtoto aliyezoea tembo angeyatema usoni mwako.

Nakibae akakumbuka kisima cha babu yake, katikati ya kisiwa, karibu na mashimo yanamopandwa magimbi. Kilikuwa kimejaa makuti na mawe tangu ukoo uhamie kando ya barabara. Akamchukua shemeji yake Tabera, ndugu wa Rereao, mtu mnene mwenye mdomo usiochoka.

"Shemeji," Tabera akasema, akitoa jiwe la matumbawe na kulibwaga, "nimekuwa nikikwambia siku zote, Tarawa inaharibu watu. Mgema anatafuta maji. Kesho mvuvi atatafuta mawe apike."

"Chimba."

"Nachimba. Nauliza tu. Nikiulizwa na watu kwa nini nimekufa kwenye shimo, niseme nini?"

"Sema ulikufa kwa maneno."

Walitoa taka zote mpaka wakafikia mchanga mweupe, kina cha kifua cha mtu. Maji yakaanza kujikusanya taratibu kwenye nyayo zao, ya baridi. Tabera, ambaye alikuwa amenogewa, akataka kuendelea kwenda chini ili wapate mengi. Nakibae akamzuia kwa mkono. Baba yake alikuwa amemwambia juu ya jambo hili zamani, naye alikuwa amesikia kwa sikio moja: kisima cha kisiwa hakichimbwi sana. Chini ni bahari.

Akachovya kidole, akalamba, kwa mazoea yake ya mtini. Ulimi wake ulikuwa mgeni kwa kitu hiki. Hakikuwa na utamu, hakikuwa na chumvi, hakikuwa na kitu cha kushika. Akateka kwa kiganja akanywa, akasubiri. Ikaja ladha ya mbali, ya jiwe, ya jani lililolowa, ya asubuhi.

"Yakoje?" Tabera akauliza.

"Yapo," Nakibae akasema. Hakupata neno jingine.

Alikaa ukingoni mpaka bahari ikaanza kujaa, akaona maji ya kisimani yanapanda nayo, kidogo kidogo, ingawa pwani ilikuwa mbali kiasi cha kutosikia mawimbi. Ndipo likamwingia vizuri. Chini ya miguu yake, chini ya kijiji na kanisa na makaburi, mvua za miaka yote zilikuwa zimelala juu ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi. Bahari inazinyanyua na kuzishusha, na hazichanganyiki nayo isipokuwa pembeni. Kisiwa kizima kilikuwa kinaishi juu ya kitu hicho. Na minazi je? Minazi ilikuwa inakunywa wapi, kama si hapa? Lile tembo lote alilowahi kuliteremsha, na baba yake, na babu yake, lilikuwa maji haya haya, yamepandishwa na mti hadi juu na kutiwa utamu. Maisha yake yote alikuwa akiyafuata huko angani kwa kamba na kotama, na huku chini yamemlalia miguuni.

Tabera alimwona anafuta macho, akageuka upande mwingine akaanza kukung'uta jembe na koleo. Hata yeye alijua siku za kunyamaza.

Rereao aliyachemsha maji, akayapoza, akayatia kwenye chupa ya Mareta pamoja na tembo, kama walivyoelekezwa. Mtoto alinyonya, akasimama, akaitazama chupa kama mtu anayedhulumiwa, akanyonya tena. Ikawa hivyo, wiki ikipita na maji yakiongezeka. Zipo siku alizoirusha chupa ukutani. Zipo siku Rereao aliweka uso wake kwenye kuti la ukuta akalia pamoja naye, na Nakibae akapanda mnazi kabla ya saa yake ili asisikie.

Kuna mama mmoja jirani, Teburea, bikizee asiyekosa kuona. Akamwona Nakibae uani amechuchumaa, tembo mkono huu, maji mkono huu, anachanganya. Hakuuliza. Alijifunga leso yake akaenda kuitembeza habari.

Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Onotoa hawaujui msemo huo, lakini shaka yenyewe wanaijua vizuri. Na majira yale kijiji kilikuwa kinangojea wageni wa kanisa kutoka visiwa vya kaskazini, na tembo la karamu lilikuwa limewekwa mikononi mwa Nakibae. Mgema anayelichafua tembo la wageni amewavua nguo watu wake.

Wakaitana maneaba. Nakibae alikaa mahali pa ukoo wake, mkono mdomoni. Mzee Bauro, msemaji wa siku ile, akasafisha koo.

"Nakibae mwanangu, hatukuiti kwa ubaya. Tumesikia neno. Ni kweli unalitia tembo maji?"

"Ni kweli, mzee."

Mnong'ono ukapita chini ya paa kama upepo kwenye makuti. Teburea akajiweka sawa kwenye mkeka wake, uso umeng'aa.

"Baba yako hakufanya hivyo," Mzee Bauro akasema polepole.

"Hakufanya." Nakibae akasimama. Mkono ulikuwa bado umefunika mdomo, na maneno yalikuwa yakipotelea kwenye kiganja. Mtu wa nyuma akasema kwa sauti, "Toa mkono, hatusikii. Au nao umeutia maji?" Watu wakacheka.

Nakibae akautoa mkono. Kisha akafungua mdomo mbele ya kijiji kizima, akaacha waone. Alimsogelea Mzee Bauro, akainama ili mwanga wa pembeni uingie. Kicheko kikakatika. Wengi walikuwa hawajawahi kuyaona meno yake.

"Haya ni ya tembo," akasema. "Si la ulevi, lile tamu, la kutwa. Mimi nimeyataka mwenyewe. Lakini mwanangu nilimpa usingizini, na mlimwona alivyoondoka hapa na jicho limefumba. Tembo la wageni liko pale kwenye vifuu, lionjeni. Ninalolitia maji ni la Mareta, ili aache bila kujua kwamba ameacha."

Halafu, kwa kuwa alishasimama na aibu ilishakwisha, akawaeleza juu ya kile kitone. Akawaambia wainue ulimi, wapakaushe kwa ncha ya nguo, watazamane. Watu wazima, wenye wajukuu, wakageukiana midomo wazi. Huku na kule ukasikia, "Lo, kinatoka," na "Ngoja, na mimi," na mama mmoja akamwambia mumewe, "Kumbe hata wewe una kitu safi ndani."

Mzee Bauro akaitisha kifuu kimoja cha tembo la wageni. Akaonja, akaonja tena, akanywa lote. "Hili halina maji," akatamka. Akajifuta midomo, akafikiri kidogo. "Sasa nileteeni maji nilisukumie."

Watu walicheka mpaka watoto wa nje wakaja kuchungulia. Teburea akangoja vicheko vipungue, akasema, "Mimi niliona maji yanaingia kwenye tembo, nikasema nilichoona. Lakini mjue, mama yangu hakuwa na chupa ya kunyonyesha. Alikuwa na kifuu, tukinywa tembo na chakula, basi, tukitaka tena tunaambiwa kisima kiko wapi." Na akacheka, na meno yake yalikuwepo karibu yote, ya njano, mapana, yamekaa imara. Kumbe kwa miaka yote waliyomsikia akisema, hakuna aliyepata kuutazama mdomo wenyewe.

Usidhani kijiji kilibadilika siku ile. Zipo nyumba zilizoanza kuweka kata ya maji mezani, na zipo zilizosema Nakibae ana maneno kama mchungaji. Tabera aliendelea na chai yake ya vijiko vinne, akisema yeye meno yake ameshayakabidhi kwa Mungu.

Nakibae mwenyewe alikuwa anateremka mnazini, anasukutua, anameza, anaendelea. Kidole aliacha kulamba, akajifunza kuujua mti kwa harufu na kwa uzito wa kifuu. Alipiga mswaki ingawa povu lilitoka la pinki, likatoka la pinki siku nyingi mpaka akazoea. Asubuhi moja alitema mchangani akaona povu jeupe. Akadhani hakuona vizuri. Akapiga tena, akatema tena. Jeupe. Alimwita Rereao aje atazame mate mchangani, naye akaja, akainama, wakasimama pale wawili wakitazama chini kama watu waliookota lulu. Majirani waliopita hawakuelewa.

Meno aliyopoteza hayakurudi. Lakini aliimba mdomo wazi, kwenye maneaba, mapengo na yote. Na wimbo mmoja aliutunga juu ya maji mawili, ya chini ya kisiwa na ya chini ya ulimi. Mabingwa wa kutunga ngoma waliukataa, wakasema mate hayachezewi. Watoto wa shule waliuchukua bila ruhusa.

Mareta alipofika umri wa kuingia darasani, meno yake mapya ya mbele yakachomoza, na ncha zake zilikuwa na vilele vitatu vidogo, kama msumeno. Nakibae alifadhaika, akadhani yamevunjika. Hapo ndipo Aritita alipokuja kwa boti na sanduku lake kukagua watoto. Akamgeuza Mareta juani, akapitisha kidole kwenye vile vilele.

"Yote huzaliwa hivyo, kaka. Yatasuguana yatalainika. Hata yako yalikuwa hivi."

"Yangu?"

"Yako."

Nakibae akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa amefungua mdomo wote na anachoka kufungua. Jua lilipita kwenye ncha ya jino, likapenya, jino likang'aa kwa ndani kama gamba la chaza.

Aritita akamkalisha baba naye, akabonyeza fizi zake hapa na pale. Hazikutoka damu. "Haya uliyobaki nayo," akasema, "utazeeka nayo ukiyatunza hivi. Kuna watu wangapi wanaonisubiri nje?"

"Wengi. Na shemeji Tabera yumo. Analia kama mtoto."

"Mlete wa kwanza."

Nakibae akatoka. Tabera alikuwa amekaa kwenye shina la mnazi, shavu limefungwa kitambaa, kata ya maji mkononi, akiyatazama maji bila kuyanywa.

"Kunywa, shemeji," Nakibae akamwambia. "Halafu ingia. Mikono ya tabibu ni midogo."